Mshipa wa Ubongo Uliobanwa: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Watu wa Nyumbani Kwake

Baba aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi. Asubuhi moja, hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kikombe cha chai kilimponyoka. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanatoka mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Zilipita dakika 20 hivi, akawa mzima. Aliokota kikombe mwenyewe, akaomba chai nyingine. Tulimpeleka kliniki moja ya karibu, wakasema ni malaria na uchovu, wakamtundikia dripu, nasi tukarudi nyumbani tumefurahi. Baada ya wiki mbili hali ile ikarudi, safari hii kwa karibu saa nzima. Picha aliyopigwa Kampala ilionyesha kwamba mshipa mmoja ndani ya kichwa, upande wa kushoto, umebanwa zaidi ya asilimia 70.

Imepita miaka minne na kiharusi kikubwa hakijaja. Mimi si daktari. Ni binti ambaye amekaa na mgonjwa huyu kila siku, akauliza maswali kila kliniki, akaandika majibu. Yaliyomo humu ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile kikombe kilipoanguka, hasa hili: udhaifu unaokuja na kuondoka wenyewe si nafuu, ni onyo, na siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Damu hufika kichwani kwa mishipa minne: miwili mbele ya shingo, ile unayoisikia ikidunda ukigusa chini ya taya, na miwili inayopanda nyuma kupitia mifupa ya shingo. Chini ya ubongo huungana na kufanya duara ambalo daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kutoka kwenye duara hilo matawi husambaa kila upande. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, na hauna akiba. Damu ikikatika, kwa kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Mshipa uliobanwa unaweza kuleta kiharusi kwa njia mbili, na ni vizuri uzijue zote mbili kwa sababu kila moja ina tiba yake. Ya kwanza ni donge. Mahali palipobanwa ukuta wa mshipa hukwaruzika, damu inaganda pale, na kipande kikichomoka huenda kuziba tawi la mbele. Ya pili ni upungufu wa msukumo. Mshipa ni mwembamba lakini damu bado inapita, mpaka siku presha inaposhuka ghafla, kwa kuharisha, kwa jua kali bila maji, au kwa dawa ya presha iliyozidishwa. Hapo sehemu ya mwisho ya tawi hukosa damu. Baba alikuwa akisimama haraka kutoka kitandani, mkono wake unaanza kutetemeka. Tulidhani ni uzee.

Sababu: kwa nini ubanwe?

Sababu kubwa ni mafuta na chokaa vinavyojijenga ukutani mwa mshipa kwa miaka mingi. Vinachochewa na presha, kisukari, sigara, kolesteroli na umri. Kwa Uganda, presha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa akitafuna mairungi ili asisinzie barabarani, na mairungi hupandisha mapigo na presha; juu yake kulikuwa na sigara, usiku bila kulala, na kukaa kitini siku nzima.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ubanaji huonekana mara nyingi kwenye mishipa ya shingo. Kwa Waafrika na Waasia, ule wa ndani ya fuvu huonekana zaidi. Kwa hiyo ukipimwa shingo kwa ultrasaundi ukaambiwa “mishipa ni mizuri”, bado hujajibiwa swali la kichwani. Uliza waziwazi: ndani je?

Mgonjwa akiwa kijana, tuseme chini ya miaka 45, msiishie kwenye presha. VVU vinaweza kuharibu kuta za mishipa ya ubongo, na kaswende isiyotibiwa vilevile. Kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo huvimbisha mishipa inayopita pale na kuibana. Vipimo vya VVU na kaswende ni vya damu, ni rahisi, na kaswende ina tiba kamili ya penisilini. Usione aibu kuviomba, wala usikasirike daktari akiviomba.

Sababu nyingine ni nadra zaidi. Ukuta wa mshipa unaweza kupasuka kwa ndani baada ya shingo kuumia, kwa mfano katika ajali ya boda. Mishipa inaweza kujikaza kwa muda kisha ikaachia, na mgonjwa huhisi maumivu ya kichwa makali ya ghafla kama radi. Upo pia ugonjwa ambao Wajapani waliuita moyamoya, yaani moshi unaofuka, kwa sababu vimishipa vidogo vinavyoota kuzunguka mahali palipozibwa huonekana kwenye picha kama moshi.

Selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, nimeiwekea sehemu yake huko chini.

Hatua ya 1: Dalili zikianza, saa ndiyo mali

Mwambie mtu atabasamu, uangalie kama mdomo umevutwa upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili na afumbe macho, uangalie kama mmoja unashuka. Mwambie aseme sentensi moja anayoijua vizuri. Kimoja tu kikiharibika, ni dharura. Hata kupoteza kuona ghafla kwa jicho moja, kuona vitu viwili viwili, au kizunguzungu cha ghafla pamoja na kuyumba ni dharura pia, maana mishipa ya nyuma nayo hubanwa.

Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Siyo saa mliyomkuta ameanguka. Dawa ya kuyeyusha donge, katika hospitali chache zilizo nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu saa ile, na bila kuijua daktari hawezi kuitoa.

Mlaze ubavu kama anatapika. Usimpe chai, uji wala maji mpaka mtu wa afya apime kama anameza sawasawa, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, nayo huua. Usimpe aspirini kabla ya picha ya kichwa: kiharusi cha donge na kiharusi cha kuvuja damu vinafanana kwa nje, na aspirini kwa yule anayevuja ni hatari. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha hupanda siku hiyo kwa sababu ubongo unaitafuta damu, na kuishusha kwa kishindo kunaweza kumaliza sehemu iliyokuwa bado inaokoka. Kama kuna kipima sukari, pima, kwa maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Chale, kukanda na kupelekwa kwa mganga vinakula zile saa. Nawaelewa wanaofanya hivyo, ninao kwenye ukoo wangu, lakini hospitali iwe ya kwanza.

Kwa sisi wa mpakani njia ni Tororo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, au moja kwa moja Kampala, ambako hospitali ya Mulago ipo. Kabla gari halijaondoka mtu mmoja apige simu kuuliza kama mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya kichwa, inafanya kazi leo. Kufika mahali ukaambiwa mashine imekufa ni kupoteza saa ambazo huna.

Na kama dalili zimeisha kabla ya kufika? Endeleeni na safari. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Hatua ya 2: Kupata picha inayojibu swali

CT ya kawaida humwambia daktari kama kuna damu iliyovuja. Haionyeshi mshipa ulivyobanwa. Kwa hilo inatakiwa CT ya mishipa, ambayo unachomwa dawa ya rangi mkononi, au MRI ya mishipa. Kipo pia kipimo cha ultrasaundi kupitia mfupa wa upande wa kichwa, karibu na sikio, ambacho hupima kasi ya damu: mahali palipobanwa damu hukimbia, kama maji ya mpira wa bustani ukiuminya kwa kidole. Angiografia, ambapo mrija hupitishwa kutoka mguuni au mkononi mpaka kwenye mishipa ya kichwa, ndiyo yenye uhakika zaidi, lakini ina hatari zake na hufanywa pale tu jibu lake litakapobadilisha tiba.

Kabla ya dawa ya rangi waeleze kama una tatizo la figo, au unameza metformini kwa ajili ya kisukari. MRI nayo wakati mwingine huonyesha ubanaji mkubwa kuliko ulivyo, hivyo usikate tamaa kwa karatasi moja. Omba uandikiwe mambo matatu: mshipa gani, asilimia ngapi, na kama kuna alama za kiharusi cha zamani. Asilimia 50 hadi 69 huitwa wa kati. Kuanzia 70 hadi 99 ni mkali. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa waliokwisha kupata dalili na wenye ubanaji mkali walipata kiharusi kingine katika eneo la mshipa uleule kwa kiasi cha 18 kati ya 100 ndani ya mwaka mmoja. Tiba ya leo ni nzuri kuliko ya wakati ule.

Vipimo vingine vya kuomba: sukari, kolesteroli, figo, VVU, kaswende, na ECG ya moyo, kwa sababu donge linaweza kuwa limetoka moyoni wala si pale palipobanwa.

Hatua ya 3: Dawa, na sababu ya kila moja

Kuijua sababu ya kila kidonge ndiko kulikomfanya baba asiviache alipojisikia vizuri.

Ya kwanza ni ya kuzuia donge. Mgonjwa mwenye ubanaji mkali aliyepata dalili karibuni mara nyingi hupewa aspirini pamoja na klopidogreli kwa siku zisizozidi 90, kisha hubaki na aspirini peke yake kwa maisha yote. Msiendeleze mbili pamoja kwa kuwa “zilisaidia”. Baada ya muda ule hatari ya kuvuja damu huzidi faida. Wengine huuliza juu ya wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Utafiti ule wa 2005 uliilinganisha na aspirini kwa wagonjwa hawahawa: haikukinga zaidi, na ilivujisha damu zaidi. Kama moyo unadunda bila mpangilio hilo ni suala jingine, na daktari ataamua.

Kiungulia kikija, usinunue omeprazoli dukani bila kuuliza, kwa maana hupunguza nguvu ya klopidogreli. Ibuprofeni nayo huizuia aspirini kufanya kazi yake, na pamoja na sindano za diklofenaki ambazo watu wetu wanazipenda kwa mgongo, hupandisha presha. Kwa maumivu baba humeza panadoli.

Ya pili ni statini, mara nyingi atorvastatini, miligramu 40 hadi 80. Inashusha kolesteroli mbaya, na pia inatuliza ule uchafu wa ukutani usipasuke. Lengo ni kolesteroli mbaya ishuke chini ya 1.8 kwa kipimo cha milimoli. Kipimo kikitoka kizuri, maana yake dawa inafanya kazi, usiiache. Anayemeza dawa za VVU amwonyeshe daktari majina ya vidonge vyote: simvastatini haichanganywi kabisa na baadhi yake, na kwa atorvastatini dozi huenda ikapunguzwa. Anayetumia dolutegraviri pamoja na metformini aseme pia, kwani dozi ya metformini huwekewa kikomo.

Ya tatu ni ya presha, na hapa nataka tukae kidogo.

Hatua ya 4: Presha, polepole na kila siku

Watu wawili walinipa ushauri unaopingana. Mmoja alisema shusheni presha upesi. Mwingine akasema mshipa umebanwa, iacheni juu ili damu isukumwe. Ukweli ulio na ushahidi ni huu: siku za mwanzo daktari huenda taratibu, lakini kwa miezi na miaka inayofuata, presha iliyodhibitiwa ndiyo inayokinga. Lengo ni namba ya juu iwe chini ya 140, na madaktari wengi hupenda ikaribie 130 kama mgonjwa anavumilia. Inafikiwa kwa wiki, siyo kwa usiku mmoja.

Tulinunua kipima presha cha mkononi, cha kufunga juu ya kiwiko. Mgonjwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, kisha tumia ule wenye namba kubwa. Andika kwenye daftari lilelile ambalo kituo cha afya kinataka uje nalo.

Ikiwa baada ya kubadilishiwa dawa mgonjwa anapata kizunguzungu akisimama, au udhaifu wake wa zamani unarudi akisimama na kuisha akilala, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Wakati wa kuharisha au homa ya kutapika ni vivyo hivyo: maji yanaisha mwilini, presha inashuka, na dawa zilezile huwa nyingi.

Jambo la Ramadhani linatugusa wengi. Aliyepata dalili karibuni ni mgonjwa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Baba aliumia moyoni mwaka wa kwanza, akalisha masikini badala yake. Mgonjwa aliyetulia kwa muda mrefu azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, ili saa za vidonge zihamishiwe futari na daku, na anywe maji ya kutosha usiku.

Hatua ya 5: Jikoni na miguuni

Posho (ugali) na ndizi hazina chumvi nyingi zenyewe. Chumvi imejificha kwenye mboga: samaki wa chumvi, vibonge vya Royco, na magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka. Magadi ni sodiamu vilevile. Mama alichukua muda kukubali, sasa analoweka maharage tangu usiku. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mukene (dagaa) wa kukaushwa bila chumvi ni mzuri, dodo (mchicha) na karanga ni nzuri, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya kila asubuhi yenye mafuta yanayochuruzika siyo.

Sigara iache yote. Mairungi pia. Waragi ikishindikana kuacha, ipungue sana. Mwanamke aliyepata kiharusi au mwenye ubanaji huu asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Zipo njia nyingine, aulize.

Kutembea kumenishangaza kuliko yote. Katika utafiti wa SAMMPRIS, ambao nitaueleza sasa hivi, waliofanya mazoezi walipata viharusi na mashambulizi ya moyo vichache zaidi, na mazoezi yalijitokeza kuwa na uzito mkubwa kati ya mambo yote ya mwenendo wa maisha. Baba alianza kwa kwenda mpaka kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Sasa ni nusu saa, siku tano kwa wiki, kabla ya jua kuwa kali, na mjukuu mmoja humsindikiza.

Na stenti je?

Kila mgeni aliyekuja kumwona baba aliuliza kwa nini tusiuze kiwanja tukampeleka India kuwekewa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa kuupanua. Swali lina upendo ndani yake, kwa hiyo jibu lazima liwe na heshima. SAMMPRIS, uliochapishwa mwaka 2011, ulichukua wagonjwa 451 wenye ubanaji wa asilimia 70 hadi 99. Nusu walipewa dawa na usimamizi wa karibu, nusu nyingine wakapewa hayohayo pamoja na stenti. Ndani ya siku 30, kiharusi au kifo kiliwapata 14.7 kati ya kila 100 wa kundi la stenti, na 5.8 wa kundi la dawa. Mishipa ya ndani ya fuvu ni laini na ina matawi madogo ambayo stenti huweza kuyaziba. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba stenti inawashinda wanaotibiwa vizuri kwa dawa. Leo hufikiriwa kwa wachache, wale ambao viharusi vinaendelea licha ya dawa zote kutumika ipasavyo.

Kiwanja hakikuuzwa. Fedha zilikwenda kwenye vidonge, kipima presha na nauli za kliniki.

Watoto wenye selimundu

Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wana chembe ya selimundu, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Mashariki na kaskazini ndiko viwango vilikokuwa juu. Kwa watoto hawa mishipa ya ubongo hubanwa bila mafuta yoyote, na kiharusi huweza kumpata mtoto wa miaka mitano. Kile kipimo cha ultrasaundi cha kasi ya damu kinashauriwa kila mwaka kati ya miaka 2 na 16. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza viharusi vya kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Pale ambapo damu haipatikani kwa uhakika, dawa ya haidroksiurea ya kila siku ndiyo inayotegemewa, na kliniki ya selimundu ya Mulago imeifanyia utafiti kwa watoto wetu. Mama, kama mwanao ana selimundu na ghafla anachechemea, anadondosha kalamu, au alama za shule zimeporomoka, usingoje tarehe ya kliniki.

Kufuatilia

Miezi mitatu ya kwanza baba alionwa kila mwezi, sasa ni kila miezi mitatu. Kolesteroli na figo hupimwa mara moja au mbili kwa mwaka. Picha ya mishipa hairudiwi kila mara. Hurudiwa dalili zikirudi, au daktari akitaka kubadilisha njia. Vidonge vikibaki vya siku kumi, mtu hupanda boda kwenda kuvifuata, kwa maana duka la dawa la hapa huishiwa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una majina ya dawa na dozi, jina la mshipa na asilimia yake, damu yake ni kundi gani, na namba za madereva wawili wanaokubali kuamshwa usiku. Linakaa kwenye mfuko wa plastiki, kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, pamoja na funguo.